Miezi 14 na samaki wa kilindini: tathmini ya muuzaji, mashine ya kupoza maji na samaki mwenyewe

Samaki ninayemwandikia tathmini hii anaitwa Odontanthias borbonius, na ninamfuga katika tangi la lita 400 ambalo maji yake hayaruhusiwi kuzidi nyuzi 20 za Selsiasi. Tathmini nyingi za vifaa vya akwaria huandikwa katika wiki ya kwanza, kifaa kikiwa bado kinang'aa na samaki akiwa hajaonyesha kama atakula au atasusa, kwa hiyo nilijizuia kuandika mpaka mwaka ulipopita na miezi miwili juu yake. Ninavyovitathmini ni vitu vitatu ambavyo havitenganishiki: huduma ya muuzaji aliyeniletea samaki huyu, mashine ya kupoza maji inayomweka hai, na samaki mwenyewe kama mkazi wa tangi la nyumbani. Nikiulizwa ni kipi kati ya hivyo kilichoamua mambo, nitajibu bila kusita kwamba ni cha kwanza. Hatima ya samaki wa kilindini huamuliwa kwa sehemu kubwa siku anapopandishwa kutoka chini, kabla mnunuzi hajamtia machoni.

Tumjue kwanza samaki mwenyewe. Alielezwa kitaalamu na Mfaransa Achille Valenciennes mwaka 1828, na jina lake linatokana na kisiwa cha Bourbon, ambacho leo kinaitwa Réunion. Huishi upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, na vilevile katika maji ya Japani, kwenye miamba iliyo kati ya mita 70 na 300 chini ya uso wa bahari. Wataalamu wamezoea kuijadili jamii yake pamoja na ukoo wa chewa, lakini asiyejua hawezi kuuona udugu huo kwa macho, kwani huyu hufikia urefu wa sentimita 15 tu, ana mwili mpana uliobanwa ubavuni, rangi ya waridi inayokaribia zambarau, na mabaka makubwa ya manjano yasiyofanana ukubwa wala umbo, utadhani yamemwagwa juu yake na mtu aliyekuwa na haraka. Picha hazimtendei haki. Katika mwanga hafifu wa samawati, ambao ndio unaomfaa, mabaka hayo huonekana kama yanaelea mbele kidogo ya ngozi.

Watu humwita samaki adimu, na neno hilo linahitaji kufafanuliwa kwa sababu wauzaji hulitumia kupandisha thamani bila kueleza chochote. Uadimu wake ninaoujua ni wa sokoni. Mzamiaji wa kawaida mwenye mtungi wa hewa hawezi kufanya kazi kwa usalama mahali anapoishi, na wanaofika huko hutumia vifaa vinavyosafisha pumzi na kuirudisha kwa mzamiaji badala ya kuiachia nje kama mapovu, huku wakivuta mchanganyiko wa gesi wenye heliamu. Kwa dakika chache za kukaa chini hulipa saa kadhaa za kupanda kwa vituo. Kila samaki wa namna hii anayefika nyumbani kwa mtu ameletwa na mtu aliyebeba hatari kubwa, na mimi binafsi sioni uhalali wa kumnunua ikiwa hujajiandaa kumtunza ipasavyo.

Sasa niingie kwenye kiini cha tathmini. Kwa kila mita 10 za kina, shinikizo huongezeka kwa takriban atmosfia moja, yaani sawa na lile la hewa juu ya uso wa bahari, hivyo samaki aliye mita 100 chini anabanwa na atmosfia 11. Gesi iliyo ndani ya kibofu chake cha hewa, kile kinachomsaidia kuelea, hutanuka kadiri shinikizo linavyopungua. Akivutwa moja kwa moja hadi juu, gesi ile hutaka nafasi mara 11 ya ile iliyokuwa nayo. Wapo samaki wenye mrija unaounganisha kibofu na koo, ambao wanaweza kuitoa gesi kwa mdomo, lakini jamii ya borbonius haina njia hiyo. Gesi yao hupungua kwa kufyonzwa na damu, jambo linalokwenda polepole sana. Mvuvi wake kwa hiyo ana njia mbili: ampandishe kwa vituo virefu, au amtoboe ubavuni kwa sindano ili gesi itoke. Sindano mikononi mwa mtu mwenye ustadi huokoa maisha. Mikononi mwa mwenye pupa huacha jeraha ndani ambalo halionekani mpaka siku kadhaa zipite.

Nililijifunza hili kwa uchungu. Muuzaji wa kwanza niliyemwendea, ambaye sitamtaja, alinihakikishia kwamba samaki wake yuko imara na anaweza kusafirishwa siku mbili tu baada ya kumpokea. Nilikubali, kwa sababu nilikuwa nimemngoja samaki huyo kwa muda mrefu na hamu ilinishinda. Alifika akiogelea mkia ukiwa juu na kichwa chini, akipiga mapezi ya kifuani bila kupumzika ili asielee hadi juu ya maji, na nyuma ya pezi la upande wa kulia kulikuwa na alama nyekundu ya sindano ambayo kila siku ilizidi kuvimba. Hakula hata punje. Siku ya tisa alikufa. Nilipomwandikia muuzaji, alijibu kwamba ni uchovu wa safari, akanipa nafasi ya kuchagua samaki mwingine wa thamani ileile. Sikuchagua mwingine. Fidia ilikuwa ya haki kwa kipimo cha biashara, lakini jibu lilionyesha kwamba hakuna aliyemtazama samaki yule akiogelea kabla ya kumfunga kwenye mfuko, na hilo ndilo kosa ninaloliona halisameheki katika biashara hii.

Muuzaji wa pili alinichelewesha, na ninamsifu kwa hilo. Nilipomwuliza kama anaye, aliniambia anaye mmoja aliyepokelewa wiki hiyohiyo, na kwamba hatamuuza kabla ya wiki tatu kupita. Katika muda huo aliniletea video mbili: ya kwanza ikimwonyesha samaki akiwa ametulia mlalo katikati ya maji bila kupigana na mwili wake, na ya pili akinyakua chakula kilichogandishwa kinachopita mbele yake. Aliniambia pia joto la maji alimomweka, ambalo lilikuwa nyuzi 19, na jinsi alivyopandishwa. Kabla ya kukubali kuniuzia, aliniuliza mimi maswali: tangi limekaa muda gani, mashine ya kupoza ni ya ukubwa gani, nani yumo ndani. Ni mara chache mnunuzi kuhojiwa hivyo, na sikuudhika hata kidogo.

Ufungashaji ulikuwa wa kiwango cha juu. Mfuko wa samaki uliwekwa ndani ya mfuko mwingine mweusi ili mwanga usimshtue, boksi lilikuwa na kuta nene za povu, na vifurushi vya barafu vilizungushiwa karatasi nyingi ili visigusane na mfuko wenyewe. Nilipima maji mara tu nilipofungua boksi nikakuta nyuzi 19.4, jambo lililonishangaza baada ya safari ya zaidi ya siku moja. Hata hivyo nina malalamiko mawili. La kwanza ni kwamba maji ya mfuko yalikuwa na chumvi ya sehemu 31 kwa elfu, ilhali tangi langu lina 35, na sikuarifiwa mapema. Ilinibidi niandae maji mengine haraka ilhali yangeweza kuwa tayari tangu jana yake.

La pili ni zito zaidi. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya maelekezo inayoshauri kudondosha maji ya tangi ndani ya mfuko uliofunguliwa kwa muda wa saa mbili, na ushauri huo, kwa samaki aliyesafiri muda mrefu, ni wa hatari. Katika mfuko uliofungwa, kaboni dayoksaidi anayoitoa samaki huongeza asidi ya maji, na asidi hiyo huibadilisha sehemu kubwa ya amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa amoniamu, ambayo madhara yake ni madogo. Mfuko ukifunguliwa kaboni dayoksaidi hutoroka, asidi hushuka, na amonia hurudia sumu yake wakati samaki angali anaogelea humohumo. Njia salama ni kutayarisha chombo chenye maji safi ya chumvi na joto lilelile la mfuko, kumhamishia humo bila kukawia, kisha kupandisha chumvi taratibu kwa siku kadhaa akiwa karantini. Ndivyo nilivyofanya. Muuzaji mwenye uangalifu mkubwa namna hii anapaswa kuibadilisha karatasi ile, na nilimwandikia hivyo kwa heshima.

Mashine ya kupoza maji niliyoichagua ni ya robo ya nguvu za farasi, yenye kompresa, na bomba lake linalogusana na maji ni la titani. Jambo hili la titani halina mjadala. Maji ya bahari hula chuma cha kawaida, na shaba, ambayo hutumika katika mashine nyingi za kupozea, huwaua viumbe wasio na uti wa mgongo hata ikiyeyuka kidogo tu majini. Kuhusu ukubwa, wafugaji wengi hukadiria kwa macho kisha wakajuta. Kushusha nyuzi moja tu katika lita 400 za maji ya bahari ni kuondoa joto la takriban kilojuli 1,640, na kazi haiishii hapo, kwani chumba, taa na pampu vinaendelea kulirudisha. Pampu ya wati 40 iliyozamishwa majini huyaachia maji karibu nguvu yake yote kama joto. Kwa siku nzima hiyo ni takriban kilojuli 3,456, na kama hakuna joto linalotoka, maji yale yangepanda zaidi ya nyuzi mbili kwa kazi ya pampu peke yake. Nilibadilisha pampu mbili kubwa nikaweka moja ndogo, na mashine ikapumzika kwa kiasi ambacho sikukitarajia.

Katika kazi yake ya msingi mashine hii haijaniangusha. Nimeiwekea nyuzi 19.5, nayo huwaka maji yanapopanda nusu nyuzi na kuzima yakirudi, hivyo samaki hapati mabadiliko ya ghafla. Chumba kikiwa na nyuzi 28, hufanya kazi takriban dakika 20 katika kila saa. Sauti yake ni mvumo wa chini unaosikika chumba kizima, na asiyeweza kulala penye mvumo asiiweke chumba cha kulala. Joto inalolitoa majini hulimwaga chumbani, tena likiongezewa joto la kompresa yenyewe, kwa hiyo anayeifungia ndani ya kabati chini ya tangi anaifanya ivute hewa moto iliyoitoa yenyewe, na itafanya kazi bila kukoma mpaka ife. Yangu iko nje ya kabati, mgongo wake ukiwa sentimita 40 kutoka ukutani. Kila mwezi ninasafisha kichujio cha vumbi, kazi ya dakika tano ambayo niliipuuza mara moja, na mara hiyo maji yalipanda hadi nyuzi 21.3.

Kuna kasoro ambazo kijitabu chake hakizitaji. Kipimajoto chake kilikuwa kikisoma nyuzi 0.8 chini ya hali halisi. Nilikigundua kwa kukilinganisha na vipimajoto viwili vingine, na kwa bahati njema kinaweza kurekebishwa. Kasoro ya pili ingeweza kumuua samaki. Umeme ukikatika na kurudi, mashine husahau nilichoiagiza na kurudia nyuzi 25 za kiwandani, bila mlio wala taa ya onyo. Nililigundua hili asubuhi moja nilipokuta maji yako nyuzi 22.6 na samaki amejibanza kwenye kona akipumua kwa kasi. Tangu hapo kila umeme unaporudi ninaikagua mashine na kuiwekea upya nyuzi 19.5. Mtu anayenunua mashine ya kupoza kwa ajili ya samaki wa namna hii aiulize kampuni swali hilo moja kabla ya mengine yote: umeme ukirudi, itakumbuka? Vioo navyo hutoka jasho chumba kikiwa na unyevu, na maji huchuruzika hadi kwenye mbao za kabati. Nimefunika kioo cha nyuma na cha pembeni kwa karatasi nene za povu, jambo linalozuia jasho na kupunguza kazi ya mashine pia.

Ubaridi una faida ambayo wengi hawaihesabu. Maji ya bahari yenye nyuzi 20 hubeba oksijeni takriban miligramu 7.4 kwa lita, ilhali yenye nyuzi 26 hubeba takriban 6.6, na samaki aliyezoea vilindi vya baridi huihisi tofauti hiyo katika kila pumzi. Lakini ubaridi huohuo hupunguza kasi ya bakteria wanaosafisha amonia. Tangi langu lilihitaji wiki tisa kabla ya kuwa tayari kupokea samaki, na sijutii hata siku moja kati ya hizo.

Upande wa ugonjwa, ubaridi hudanganya. Kimelea Cryptocaryon irritans, anayeleta vidoa vyeupe, hukua polepole zaidi maji yakiwa baridi, maana yake ni kwamba samaki anaweza kuonekana mzima kwa muda mrefu kuliko ilivyozoeleka ilhali kimelea yumo. Muda wa karantini uliopangwa kwa matangi ya joto kwa hiyo hautoshi hapa. Nilimweka peke yake kwa wiki nane, nikampa dawa ya praziquantel dhidi ya minyoo ya ngozi na matamvua, na sikumtia shaba, ambayo hutumika kama dawa ya vidoa vyeupe, kwa kuwa dalili hazikuonekana na sikutaka kumwongezea mzigo samaki aliyekuwa bado anapona kutokana na safari yake ya kutoka kilindini.

Kuhusu mwanga, nilidhani ninajua, kumbe sikujua vya kutosha. Mwanga mwekundu humezwa na maji katika mita chache za juu, na anayeishi mita 100 chini amezoea mabaki ya samawati tu. Siku nne za kwanza katika tangi kubwa niliwasha taa kwa asilimia 30 nikiamini ni kidogo, na samaki hakutoka pangoni kabisa. Nilipozishusha hadi asilimia 8, rangi ya samawati pekee, alitoka jioni ileile. Baada ya miezi miwili nilianza kuziongeza kidogo kidogo, na sasa anaogelea mbele ya kioo zikiwa asilimia 15. Anayetaka matumbawe yanayotegemea jua na samaki huyu katika tangi moja anataka mambo mawili yasiyopatana, kwa mwanga na kwa joto pia.

Mlo haukuniletea taabu. Wiki ya kwanza alikula Artemia hai, vijidudu wa maji ya chumvi wanaofanana na uduvi, kisha akapokea uduvi wadogo wa jamii ya Mysis waliogandishwa, na kopepodi, ambao ni wadogo zaidi. Katika maumbile yake hula viumbe vidogo vinavyopita na mkondo, kwa hiyo ninamgawia mara nne kwa siku, kidogo kila mara, mbele ya pampu ili chakula kipite kikielea. Kinachoanguka chini hakifuati.

Nimeulizwa kama ningempendekeza badala ya samaki wengine wa vilindi. Kwa anayeanza safari hii, Liopropoma carmabi wa Karibiani ndiye mwalimu bora: ana urefu wa sentimita tano au sita, huishi kati ya mita 15 na 70, hivyo safari yake ya kupanda ni fupi zaidi na anavumilia maji yenye joto zaidi kidogo, ingawa atakuwa mafichoni sehemu kubwa ya siku. Centropyge boylei wa Rarotonga, kisiwa cha Pasifiki katika Visiwa vya Cook, mwenye milia myekundu na myeupe, aliyeelezwa na Richard Pyle na John Randall mwaka 1992, ningewaachia wenye uzoefu na vifaa vya taasisi kubwa. Akwaria ya Steinhart huko San Francisco, iliyofungua maonyesho ya miamba ya vilindini mwaka 2016, hutumia chombo maalumu cha kuwapandishia samaki ndani ya shinikizo na kulipunguza polepole, na baada ya kumpoteza samaki wangu wa kwanza ninaelewa vizuri kwa nini walijipa taabu hiyo. Borbonius yuko kati ya hawa wawili. Akishapona safari yake ni mgumu, mlaji, na hajifichi, mradi mwanga uwe hafifu na mashine isikosee.

Mwezi uliopita nilimwandikia tena muuzaji wa pili nikiomba mwenzake. Alinijibu kwamba anaye mmoja, amekaa siku tano, anaelea vizuri lakini bado anakula chakula hai tu, na hatamtoa kabla hajala kilichogandishwa kwa wiki mbili mfululizo. Nimemwambia nitangoja.